Aya iliyosomwa kwenye paredi: kisa cha mwalimu mkuu na walimu wake vijana, Pemba

Kuhusu kisa hiki

Nimefundisha, nimekagua skuli, na tangu nistaafu huitwa na skuli za binafsi kisiwani Pemba pale uongozi na walimu wanapovutana. Hiki ni kisa kimoja katika hivyo. Nimeondoa majina, wilaya na mwaka, na baadhi ya masomo na idadi nimebadilisha ili mtu asitambulike. Mwalimu mkuu na mwalimu kijana anayehusika wamesoma haya na wameridhia yatoke.

Usuli

Ni skuli ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, iliyoanzishwa na wazazi waliotaka watoto wao wasome Fizikia na Fiqhi chini ya paa moja. Siku huanza kwa dua, Adhuhuri husaliwa kwa jamaa, na jioni watoto wengi huenda chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani, kwa ustadhi. Walimu walikuwa 17, na 9 kati yao walikuwa hawajafika miaka 30. Karibu wote hao 9 walikuwa kwa mkataba wa posho, wakisubiri ajira ya Serikali.

Ada za skuli hii zinatoka mikarafuuni. Mzazi akishauza karafuu zake kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa ndipo huja ofisini kumaliza ada ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kabla ya hapo sanduku huwa jepesi. Jambo hili bodi ililijua, mwalimu mkuu alilijua, mhasibu alilijua. Walimu vijana hawakuwahi kuambiwa.

Mwalimu mkuu mwenyewe alistaafu Serikalini kabla ya kuitwa hapo. Alilelewa chuoni kwa desturi ya zamani: unakaa mkekani mbele ya sheikh, unaitikia "naam", na swali likikukaa kooni unalibeba hadi nyumbani. Kwake yeye adabu ndiyo mlango wa elimu. Alifika skuli kabla ya mlinzi kufungua geti, hakuwahi kugusa shilingi ya skuli, na kila Alhamisi baada ya Adhuhuri aliwasomesha walimu wote darsa, lazima, na daftari la mahudhurio likapita.

Walimu vijana nao dini walikuwa nayo. Nalisema hili wazi kwa sababu wazee wengi niliozungumza nao walianza na neno "vijana wa siku hizi", kana kwamba wameikuta dini imesahauliwa. Wawili kati ya hao 9 walikuwa wamehifadhi juzuu nyingi za Qur'ani kuliko mimi. Tofauti ilikuwa katika namna walivyoipokea. Kizazi hiki kimesikiliza masheikh wengi kwa simu, kimewasikia wakijibizana, na kimezoea kuuliza: dalili yake, yaani ushahidi wake katika Qur'ani au Hadithi, iko wapi? Kijana akiuliza dalili anaona anatafuta haki ya jambo. Mzee aliyefundishwa kusema "naam" anasikia kwamba anapingwa.

Asubuhi ya Jumatatu

Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba. Anayeijua Pemba anaujua: nyumba zinabaki tupu tangu Alfajiri, majamvi yametandazwa hadi kando ya barabara, watoto wananukia karafuu mpaka kwenye madaftari. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha karafuu alizochuma, siku ile ile. Mahudhurio ya wanafunzi hushuka, na ya walimu pia.

Paredi ilikuwa saa moja na nusu. Mwalimu wa Fizikia, kijana wa miaka 26, aliingia getini saa mbili kasoro dakika kumi akiendesha bodaboda, shati limelowa. Mwalimu mkuu alimsimamisha pale pale mbele ya wanafunzi wote. Akasoma Aya ya kwanza ya Suratul Maida, inayowataka walioamini watimize mikataba, akaifasiri kwa utulivu, kisha akasema: "Anayewaibia watoto dakika 20 leo, kesho msishangae akiiba na mengine."

Kijana hakujibu. Aliingia darasani akafundisha vipindi vyake vyote. Usiku, kwenye kundi la WhatsApp la walimu, aliweka Hadithi moja bila kuongeza neno lake: ile inayoagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Posho ya walimu wa mkataba ilikuwa haijalipwa kwa miezi mitatu.

Mwalimu mkuu akamtoa kwenye kundi.

Alhamisi iliyofuata walimu sita hawakuonekana kwenye darsa. Walikuwa madarasani, wanasahihisha, milango wazi, kila mtu anawaona. Jumamosi barua mbili za kuacha kazi zilifika ofisini, moja ya mwalimu wa Hisabati na moja ya mwalimu wa Kemia. Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne ulikuwa Novemba, miezi miwili mbele.

Barazani, baada ya Alasiri

Bodi ilikaa kwa haraka, na rai iliyotangulia ilikuwa kumwachisha kazi mwalimu wa Fizikia ili iwe funzo kwa wengine. Mwalimu mkuu aliomba wiki moja. Sababu aliyoitoa kwa bodi ilikuwa kwamba mwalimu mwengine wa Fizikia hapatikani katikati ya mwaka. Sababu aliyonipa mimi, tulipokaa barazani kwangu, ilikuwa nyengine: "Tangu siku ile nikisoma Aya ile katika sala, sauti inanikwama."

Akaniuliza amekosea wapi. Aya ni ya haki, kijana alichelewa kweli.

Nilimuuliza maswali mawili. La kwanza: je, alimuuliza kijana kilichomchelewesha? Hakumuuliza. Mimi nilikwishazungumza na kijana. Tangu mwezi wa pili bila posho alikuwa akikodi bodaboda ya binamu yake na kubeba wachumaji tangu Alfajiri, ili mama yake apate chakula. Siku ile tairi ilipata pancha njiani na akaisukuma.

La pili: Aya inazungumzia mikataba, je, mkataba wa skuli na kijana huyu unasema nini? Alikuwa nao kwenye mkoba. Akautoa, akausoma mwenyewe kwa sauti, mpaka mstari unaosema posho italipwa mwisho wa kila mwezi. Akaukunja. Tulikaa kimya mpaka watoto wa chuoni wakapita njiani wakirudi makwao.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuomba radhi. Hapa mimi nilitoa ushauri mbaya. Nilimwambia amwite kijana ofisini, wamalizane faragha. Nilitegemea adabu tunayoijua sote tuliosoma Fiqhi ya Kishafi, kwamba aliyekunasihi kwa siri amekupamba na aliyekunasihi hadharani amekuaibisha. Maneno yenye maana hiyo yananasibishwa na Imam Shafi mwenyewe. Na kusema kweli nilihofia pia haiba ya ukuu wake mbele ya wanafunzi. Akanikatalia: "Kunasihi ni faragha, kaka. Kuomba radhi ni pale pale ulipokosea."

Jumatatu, kwenye paredi, alisimama akasema: "Jumatatu ile nilimkosea mwalimu wenu mbele yenu. Sikumuuliza kilichomchelewesha, na mwenyewe nilikuwa na deni lake. Namwomba radhi mbele yenu." Hakuweka "lakini". Hakugusa suala la kuchelewa. Mwalimu wa Fizikia alitoka mstarini, akamwamkia shikamoo, akamshika mkono. Barua ya mwalimu wa Hisabati ilirudishwa siku hiyo. Ya Kemia haikurudishwa. Alikwishapata kazi Unguja.

Uamuzi wa pili ulikuwa kufungua vitabu vya hesabu. Bodi ilipinga sana hili. Mjumbe mmoja alisema hesabu za nyumba hazianikwi kama karafuu. Mwalimu mkuu aliwajibu kwamba kinachofichwa ndicho kinachodhaniwa: vijana walikuwa wamekwishaamini kwamba fedha zipo na zinaliwa. Mhasibu aliandika ubaoni, ndani ya chumba cha walimu, ada iliyokusanywa mwezi baada ya mwezi na wazazi wanaodaiwa bila kuwataja. Mwalimu mmoja wa miaka 24 alisimama akauliza: "Kwa hiyo mwaka wa skuli hii ni wa karafuu, na mkataba wetu ni wa kalenda?" Tangu nianze kuzijua skuli hizi sijasikia tatizo lao likielezwa vizuri hivyo. Bodi ilichukua karadha isiyo na riba kwa mmoja wa wajumbe wake, ikalipa mwezi mmoja siku ile, na miwili ikaahidiwa kwa tarehe iliyoandikwa.

Uamuzi wa tatu ulikuwa shura, yaani kushauriana. Darsa ya Alhamisi ilifanywa ya hiari, na nusu ya muda wake ikageuzwa kikao cha walimu wote, mwenyekiti akizunguka kwa zamu hata kwa mdogo kabisa. Katika kikao cha kwanza aliyeongoza alikuwa mwalimu wa Fizikia. Mwalimu mkuu alipigiwa simu kutoka wizarani. Aliinyamazisha, akainua mkono: "Niruhusu, mwenyekiti, nitoke." Wakubwa walitazamana. Mimi nilimkumbuka Sayyidna Abubakar, akiwa khalifa, akitembea kwa miguu kandoni mwa Usama bin Zayd, amiri wa jeshi, aliyepanda mnyama, akimwomba Usama, ambaye inasemwa umri wake ulikuwa haujapita miaka 20 hivi, amwachie Umar abaki naye Madina. Khalifa alikuwa na uwezo wa kuamuru. Aliomba, kwa sababu jeshi lilikuwa na amiri wake.

Shura ya kwanza ilivyoanguka

Vijana walikuja na pendekezo lao: msimu ukiendelea, paredi isogezwe hadi saa mbili na nusu ili wanaochuma alfajiri wawahi, vipindi vitakavyopotea vifidiwe Jumamosi, na mazoezi yatumwe kwa simu. Wakubwa walikuwa na shaka. Kura ikapigwa, vijana wakashinda.

Haikufika wiki tatu. Simu ni za wazazi, na wazazi wako juu ya mikarafuu mpaka jioni. Jumamosi asubuhi ni siku ya chuo, na maustadhi wa vijiji vinne walikuja pamoja kulalamika kwamba skuli ya Kiislamu inawatoa watoto kwenye Qur'ani. Waliozoea kuja saa moja na nusu sasa wakaja saa tatu. Kwenye mtihani wa majaribio theluthi ya kidato cha nne haikutokea siku ya kwanza.

"Tuliwaambia," alisema ustadhi mmoja mkubwa, na bodi ikaandika barua kumtaka mwalimu mkuu arudishe utaratibu wa zamani wote, pamoja na kufuta vikao.

Hapa ndipo ninapoona kisa hiki kilipo. Kuomba radhi kunahitaji ujasiri wa asubuhi moja. Kuendelea kuwashauri watu ambao ushauri wao umekuletea hasara, mbele ya wakubwa wanaokucheka, ni kazi ngumu kuliko hiyo.

Mwalimu mkuu aliwaita bodi na walimu wote na akawasimulia vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na rai ya kubaki Madina. Wengi wa vijana, hasa waliokosa vita vya Badri vilivyotangulia, walitaka kutoka kwenda kupigana. Akafuata rai yao. Wapiga mishale wakaacha kilima walichoamriwa wasikiache, na Masahaba 70 wakauawa. Baada ya vita hivyo, katika sura inayovizungumzia, ikateremka Aya ya 159 ya Aali Imran: kwamba kwa rehema ya Mwenyezi Mungu umekuwa laini kwao, na lau ungekuwa mkali wangelikutawanyikia, basi wasamehe, waombee msamaha, na ushauriane nao. "Niambieni," alisema, "kama kulikuwa na siku ya kuifuta shura, ilikuwa siku gani?" Akarudisha paredi saa moja na nusu, akafuta vipindi vya Jumamosi, na vikao akaviacha.

Nilimwangalia mwalimu wa Fizikia wakati ule. Alikuwa anaandika.

Mduara wa karafuu

Kikao kilichofuata kilihamishwa. Hadi hapo kilikuwa kikifanyika kwenye ukumbi wa msikiti wa skuli, na walimu wanawake wanne, watatu wao vijana, walikuwa wakikaa nyuma ya pazia wakisikia nusu ya maneno. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kasoro, mimi nikiwemo, mpaka mwalimu wa Kiingereza, binti wa miaka 25, alipomwandikia mwalimu mkuu ujumbe mfupi: "Baba, na sisi tuna la kusema." Kikao kikahamia chumba cha walimu, viti kwa duara.

La kusema alikuwa nalo. Usiku, baada ya Magharibi, wasichana wa vijiji vile hawako huru. Wanakaa na mama zao na shangazi zao kuzunguka chungu ya karafuu mbichi, wanachambua, karafuu huku na makonyo, yaani vijiti vyake, kule, mpaka usiku uingie. "Mikono imeshughulika," alisema, "midomo na masikio yapo." Alikuwa amekwishajaribu kwa wiki mbili kwenye nyumba ya jirani yake bila kumwambia mtu: anakaa, anachambua nao, anauliza maana ya maneno ya Kiingereza kwa zamu, anasimulia kifungu cha Historia na kukatisha katikati ili mwengine amalizie. Mama mmoja asiyejua kusoma alikuwa akiwakumbusha wanafunzi majibu ya jana.

Kikao kilipitisha kwamba walimu wanawake wataendesha miduara hiyo kwa hiari katika vijiji vitatu, na wavulana watasoma barazani msikitini baina ya Magharibi na Isha. Wanaojitolea wakapunguziwa zamu za mchana. Hili lilishika.

Matokeo

Deni la posho lililipwa lote, la mwisho siku nne baada ya tarehe iliyoahidiwa, na mwalimu mkuu aliwaandikia walimu kabla tarehe haijafika kuwaeleza kwa nini. Walimu 8 kati ya wale 9 walifikisha mwaka. Mwalimu wa Fizikia aliajiriwa Serikalini mwaka uliofuata. Matokeo ya mtihani wa Taifa sitayatumia kama ushahidi, kwa sababu darasa moja la mwaka mmoja huenda juu na chini kwa mambo mengi.

Walimu wawili wakubwa waliondoka. Mmoja aliniambia, machozi yakimlenga: "Sisi tulivumilia miezi sita bila kitu na hatukusema. Leo aliyesema ndiye mwenyekiti."

Uchambuzi

Kilichoikoa skuli hii, kwa maoni yangu, ni kwamba dini ilibadilisha mwelekeo. Mwanzoni Aya ilitoka kwa mwenye madaraka ikamwendea asiye nayo. Mkuu wa skuli akifanya hivyo mara moja, kijana hujifunza kulifanya lile lile, na ndiyo maana Hadithi ya ujira ilitupwa kwenye kundi la simu kama jiwe. Wote wawili walisoma maneno ya kweli na wote wawili waliyasoma dhidi ya mtu. Mambo yalifunguka pale mwalimu mkuu alipoisoma Aya ya mikataba akiwa ameshika mkataba wake mwenyewe.

Kuna Hadithi inayosomwa sana katika vikao vyetu, kwamba si katika sisi asiyewahurumia wadogo wetu na asiyewaheshimu wakubwa wetu. Katika mahojiano yangu wakubwa walinitajia kipande cha pili, vijana wakanitajia cha kwanza. Lau kila upande ungeanza na kipande kinachoudai, barua za kuacha kazi zisingeandikwa.

Uwazi wa hesabu ulifanya kazi zaidi kuliko nilivyotarajia. Vijana hawa hawakudai fedha isiyokuwepo. Walipoiona hali, watatu walijitolea kusubiri ili wenye watoto walipwe kwanza. Kilichowachoma kilikuwa kuambiwa wao ni wezi wa dakika na skuli wanayoidai posho, huku ikitaka wanyamaze.

Kilichokwama kiko wazi pia. Wakubwa walioondoka hawakupewa haki yao. Tulishughulika na kuwafungulia vijana mlango hata tukasahau kuwauliza wale waliovumilia miezi sita ya zamani ilikuwaje kwao, na pengine nao walikuwa na deni la kuombwa radhi. Mimi nilikuwepo na sikuliona. Pazia la ukumbini ni kosa la aina hiyo hiyo: tuliita shura jambo ambalo robo ya walimu hawakulisikia vizuri, na rai iliyokuja kufaa ilikuwa nyuma ya pazia lile tangu siku ya kwanza. Na lile pendekezo la Jumamosi lingeweza kuzuilika kama mmoja wetu angepita kwa ustadhi wa kijiji kabla ya kura. Vijana hawakuwa na mazoea hayo, wakubwa walikuwa nayo na walinyamaza wakisubiri waanguke. Ukimya ule nauhesabu kuwa kosa kubwa kuliko pendekezo lenyewe.

Kundi la WhatsApp bado halina kanuni. Mwalimu mkuu alimrudisha kijana, lakini hakuna kilichoamuliwa juu ya nini kinasemwa humo na nini kinasubiri kikao.

Na mikataba haijabadilishwa. Niliporudi skuli hapo mwezi uliopita, mikarafuu ilikuwa imeanza kutoa vikonyo, posho ilikuwa imelipwa tarehe 28, na mwalimu mkuu alinionesha rasimu mpya iliyoandikwa na walimu watatu vijana na mhasibu. Kila kifungu kimejazwa isipokuwa cha tarehe ya malipo katika miezi ya kabla ya msimu. Nafasi yake imeachwa wazi, kwa penseli, mpaka bodi ikae.